Gitaa la Umeme Katika Nyumba ya Arap Sitonik

Chebet, ambaye sasa ndiye anaongoza bendi yetu, aliniambia mtu hawezi kustaafu roki kwa kutuma ujumbe wa simu kisha arudi nyumbani kukama ng'ombe. "Mama Chela, andika kitu," alisema. "Watu watatuuliza ulifanyaje hii kazi, na sisi hatutakuwa na la kujibu." Basi naandika. Tuzo sitazitaja, ziko mbili, na moja inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe na kuhusu Baba, kwa sababu tangu Kericho mpaka Bomet hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za kazi kabla ya kuniuliza habari za Baba.

Baba yangu alikuwa Arap Sitonik. Kama wewe ni wa juzi, muulize nyanya yako. Atacheka kwanza ndipo akujibu. Alipiga gitaa kavu, lile la mbao lisilohitaji umeme, akaimba kwa Kikipsigis nyimbo za kuchekesha ambazo ukizisikiliza mara ya pili unapata huzuni ndani yake. Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa mwanamume aliyepoteza ng'ombe, akamtafuta kutoka Sigowet mpaka Mulot akibisha mlango kwa mlango, na mwishowe akarudi nyumbani bila ng'ombe lakini na mke. Redio ilipoucheza, wachumaji wa majani chai waliuimba huku mikono ikiendelea na kazi. Kwenye sehemu ya kubisha hodi, mmoja aliimba na laini nzima ikamjibu.

Sifa ukiiona kutoka ndani ya nyumba ni nguo chafu nyingi. Baba alipotea kwa majuma, kisha akarudi na begi lililojaa mashati yanayonuka moshi na vumbi la Narok, na Mama akayafua. Wageni walikuja kumsalimia hata akiwa shambani anapalilia mahindi, naye aliwasalimia wote akiwa bado ameshika jembe. Shuleni, siku za wazazi, mwalimu alinisimamisha mbele niimbe ile ya ng'ombe. Niliimba vizuri. Lakini nilipofika darasa la saba niligundua kwamba watu walikuwa wananitazama mimi wakimwona yeye, na kuanzia hapo nikawa naumwa koo kila siku ya wazazi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukaa na shangazi yangu, aliyekuwa anafanya kazi katika shamba kubwa la majani chai nje ya mji wa Kericho. Kambini kwao kulikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na ndani ya ukumbi, Jumapili baada ya kanisa, ungemkuta Mzee Momanyi. Huyu alikuwa Mgusii kutoka upande wa Nyamira, fundi wa umeme kiwandani, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa na ngoma za bendi alizoziunganisha mwenyewe kidogo kidogo, na gitaa jekundu la umeme lililoachwa na mtu aliyehamishwa na ambaye hakulirudia tena. Hakuna aliyejua kulipiga. Amplifaya aliitengeneza kutoka kwa redio nzee mbili, na ilikuwa ikinguruma hata kabla hujaigusa.

"Wewe ni wa Arap Sitonik," aliniambia siku ya kwanza.

"Ndiyo, Mzee."

"Unajua kupiga?"

"Najua kidogo. Kavu."

Alinipa lile jekundu bila swali jingine. Nilipiga nyuzi zote mara moja, kwa nguvu, jinsi mtu anavyofungua mlango uliokwama. Mabati ya ukumbi yalitetemeka. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo nje aliingia mbio kuuliza kama kuna kitu kimelipuka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, kifua bado kinatetemeka, na nilichowaza ni kwamba sauti ile haikufanana na kitu chochote kilichowahi kutoka nyumbani kwetu.

Mzee Momanyi alinifundisha kazi kwa njia ya kiwandani. Kwanza waya. Alinifanya nijifunze kuchomelea kebo zangu mwenyewe kwa risasi kabla ya kuniruhusu niimbe wimbo mzima. Alisema mwimbaji anayengoja fundi ataimbia viti. Halafu nyuzi. Baridi na unyevu wa Kericho huzila haraka, kwa hiyo kila baada ya kupiga, pangusa kwa kitambaa kilichotiwa mafuta kidogo, hata kama una haraka, hata kama mtu mashuhuri anangoja kupiga picha na wewe. Wakati nyuzi zilikosekana madukani tulitumia waya wa breki za baiskeli. Zinakata vidole, lakini hazikatiki. Mwisho alinifundisha kungoja. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kando ya mashine za kusaga majani, na alizisikia kama wengine wanavyosikia kwaya. "Usishindane na mashine," aliniambia. "Tafuta mahali inapovuta pumzi, uingie hapo." Nyinyi mnaopenda kujaza kila nafasi kwa noti, someni mstari huo tena.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye harambee ya shule moja karibu na Sigowet. Tulikuwa watatu: mimi, Mzee Momanyi, na binamu yake aliyepiga besi akitazama viatu vyake. Bango lilisema kwa herufi kubwa, BINTI WA ARAP SITONIK. Jina langu halikuwepo, hata kwa herufi ndogo. Tuliimba nyimbo nne nilizotunga mwenyewe. Watu walikaa kimya kabisa, kwa heshima, jinsi wanavyokaa daktari anapotoa habari. Tulipomaliza, kogo mmoja, bibi mwenye leso ya maua, alinikaribia, akanishika mkono.

"Umeimba vizuri, mtoto," alisema.

"Asante, kogo."

"Sasa baba yako atafika saa ngapi?"

Nililala na swali hilo. Asubuhi nikaamua kwamba sitaimba wimbo wa Baba jukwaani, hata mmoja, mpaka watu wazoee kwamba mimi ndiye niliyefika. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nampenda, na nilijua kwamba nikiuchukua wimbo wa ng'ombe mara moja tu, watu hawatanidai kitu kingine maisha yangu yote.

Nilikwenda nyumbani kumwambia, kwa sababu sikutaka alisikie jambo hilo sokoni. Nilimkuta ameketi nje, anakunywa chai.

"Sasa unaimba nini?" aliuliza.

"Zangu, Baba."

"Kwa hiyo kelele?"

"Ndiyo. Kwa hiyo kelele."

Alikunywa chai yake mpaka akaona majani chini ya kikombe. "Basi vaa viatu vya mpira," alisema. "Stima inauma."

Hakuja kwenye maonyesho yangu miaka hiyo yote. Watu waliniuliza kama tumekosana. Hatukuwa tumekosana. Nilikwenda nyumbani kila mwezi, tukaongea kuhusu ng'ombe, mvua na bei ya mbolea, na muziki ukabaki nje ya geti kama mgeni ambaye kila mtu anamwona na hakuna anayemkaribisha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya barabara. Tuliimba Bomet, Sotik na Kapkatet. Tuliimba Fort Ternan chini ya jua lililofanya gitaa lipoteze sauti kila baada ya wimbo. Mulot tuliimba siku ya mnada, tukiwa juu ya lori, ng'ombe upande mmoja na watu upande mwingine. Ng'ombe walitulia kuliko watu. Mwanamume mmoja aliyevaa koti refu la mvua alikuja mpaka kwenye tairi la lori, akataka ule wimbo.

"Ile ya baba siimbi," nilimwambia kwenye maiki.

"Dada, huku ndiko ng'ombe alipotelea," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Sasa wewe mwenyewe umefika, na unakataa kumtafuta?"

Mulot yote ilicheka, na mimi pia. Sikuuimba. Lakini aliendelea kusimama pale mpaka mwisho, na wimbo wa mwisho alikuwa anatikisa kichwa, koti na vyote.

Kanisani hali ilikuwa nzito kidogo. Wengine walisema roki ni muziki wa shetani, ingawa nilipowauliza shetani anapenda muziki gani hasa, kila mmoja alitaja ule ambao hakuupenda yeye. Upande wa Litein, mzee mmoja wa kanisa alikuja mwenyewe kusikiliza kama tunatukana Mungu. Alisimama nyuma ya ukumbi, mikono mgongoni. Tulipoingia wimbo wa pili mvua ya mawe ikaanza. Kama hujawahi kuwa chini ya mabati Kericho mawe yakianguka, siwezi kukueleza, sikujisikia nikiimba. Nusu ya watu waliondoka mara ile, wala si kwa sababu yetu, walikimbia kuona majani yao. Nilitaka kuacha. Mzee Momanyi akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga ngoma kubwa, na mimi nikafuata mguu wake kwa macho. Mawe yalipokoma tulikuwa bado pamoja, mstari uleule, mdundo uleule. Waliobaki walipiga makofi kama watu waliookolewa.

Yule mzee alinikaribia baadaye. "Sikusikia neno lolote baya," alisema.

"Mzee, hukusikia neno lolote."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo nitakavyosema kwa kikao."

Kutoka siku hiyo nilitunga nyimbo zenye nafasi ya mvua. Ukipiga roki katika nchi hii ambako mvua hufika kila alasiri, weka sehemu ya gitaa peke yake pale unapotarajia mabati yaanze kulia. Maneno yako ya maana yaweke mapema.

Mzee Momanyi alistaafu kiwandani, akarudi Nyamira kulima ndizi. Wapiga ngoma walikuja na kwenda. Chebet alijiunga nasi akiwa mwalimu wa chekechea mwenye vidole vya nguvu na besi ya kukopa, na kwa mara ya kwanza nikawa na mtu wa kubishana naye kuhusu mahali pa kunyamaza. Tulirekodi. Watu wakaanza kuniita kwa jina langu. Tukapata mwaliko wa kwenda Nairobi kwa tamasha kubwa la bendi za roki, na kurekodi huko albamu nzima, kitu nilichokuwa nimekitamani tangu siku za ukumbi wa kambi. Tulikuwa tumeshafunga vyombo wakati Mama alipopiga simu kusema kwamba Baba ameanguka zizini.

Kilikuwa kiharusi. Nilimkuta kwenye wodi Kericho, mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umekwenda upande. Alinijua. Macho yake yalikuwa macho yake. Lakini alipojaribu kusema kulitoka silabi moja tu, "to, to, to," na akairudia mpaka akaisikia mwenyewe, akafunga mdomo, akageuza uso ukutani. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akisimama mbele ya umati bila karatasi na kubadilisha mistari akiona nani amekaa wapi. Mama alimuuliza kama anasikia maumivu. Alimuuliza kama anataka mto mwingine. Machozi yalimtoka, na hatukujua kama ni ya maumivu au ya mto.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Halafu sista mmoja wa wodi, Kemunto, alituuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani.

"Alikuwa mwimbaji," Mama alisema.

"Mnamwimbia?"

Hatukumwelewa. Akatueleza kwamba kuna wagonjwa ambao maneno ya kusema yamefungwa lakini maneno ya kuimba bado yako, kama vile yamewekwa chumba kingine. Si wote, alisema, na hawezi kuahidi. "Lakini jaribuni."

Kitandani pale tulikuwa mimi, Mama na kaka yangu Kiprono. Kiprono anaimba kama geti. Mama alinitazama. Wodi ilikuwa imejaa watu wa Kericho na Bomet, kila mmoja akimjua mzee yule ni nani, na niliona wanangoja. Nilikuwa sijauimba wimbo ule tangu darasa la saba. Niliuanza chini kabisa, karibu na sikio lake. Mwanamume ameamka, ng'ombe hayupo. Amefuata nyayo mpaka zimeishia mtoni. Amefika nyumba ya kwanza, amebisha: hodi, nimetoka mbali. Hapo nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo watu hujibu.

Baba aligeuza uso kutoka ukutani. Midomo ilihangaika. Ikatoka sauti ya kukwaruza, lakini yenye noti iliyo sawa kabisa:

"Nipeni maji."

Ni mstari wa wimbo. Mwanamume huyo huomba maji kila mlango. Kemunto hakujua Kikipsigis, lakini mwanamke wa kitanda cha pili alimwambia, "Sista, anataka maji." Akaletewa. Akanywa kikombe chote. Alikuwa na kiu tangu lini, hatukuweza kujua.

Niliwaambia bendi waende Nairobi bila mimi. Chebet alikataa. "Hiyo tamasha haina miguu ya kukimbia," alisema. Kumbe ilikuwa nayo, hawakutualika tena. Nilirudi Sigowet, katika chumba nilichokulia, na nikaanza kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilijifunza nyimbo zote za Baba. Nyingine nilizipata kwenye kanda za zamani za majirani, nyingine Mama alizijua tu, anazikumbuka akichambua mboga na kuzisahau akiulizwa. Nilihitaji zote, kwa sababu zilikuwa ndiyo kamusi yake. Akiwa na njaa aliimba mstari wa wimbo wa harusi kuhusu kimyet iliyoiva, ugali wa nyumbani. Akisikia baridi kulikuwa na wimbo wa mlinzi wa usiku. Wageni wakikaa sana aliimba ule wa kufunga sherehe, "Wapendwa, kumekucha, tafuteni viatu vyenu," na mchungaji mmoja aliondoka akicheka huku anapangusa macho.

Nikiwa ndani ya nyimbo zile, kila siku, niliziona jinsi mpita njia asivyoweza kuziona. Niliona ametunga nini kwa haraka na nini kwa uchungu. Ule wa ng'ombe, ambao nilidhani ni wa kuchekesha, una mstari mmoja katikati ambapo mwanamume anasahau alikuwa anatafuta nini. Nilikuwa nimeuimba utoto wangu wote bila kuusikia.

Kisha walikuja watu wawili kutoka mjini, watayarishaji wa sherehe, wastaarabu, na keki. Walitaka kumfanyia Arap Sitonik siku ya heshima katika uwanja mkubwa. Mimi niimbe nyimbo zake zote na bendi yangu, naye aletwe jukwaani kwa kiti cha magurudumu wakati wa ule wa ng'ombe, watu wamwone.

"Watu wanampenda," Kiprono alisema walipomaliza. "Wacha wamwone angali hai. Ama unangoja matanga?"

Hakuwa na nia mbaya. Hata mimi sikujua lililo sawa. Nikasema aulizwe mwenyewe. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamweleza polepole, uwanja, watu, kiti cha magurudumu, na nikaanza nyimbo zake moja baada ya nyingine ili achague mstari wa kunijibu. Alitikisa kichwa kwa kila moja. Halafu akaanza kuimba kitu, na kwanza sikukitambua, kwa sababu sikutegemea kukisikia kutoka kwake.

"Msinibebe, njia naijua. Nitafika polepole, lakini kwa miguu yangu."

Ulikuwa wangu. Ulikuwa wimbo wa kanda yetu ya pili, kuhusu mchumaji mzee aliyekataa machela, wimbo ambao hata bendi ilikuwa imeusahau. Aliuimba kwa sauti ileile niliyoiweka mimi, na pale ninapokwaruza koo, akakwaruza.

Nilimgeukia Mama. Alikuwa anakunja nguo.

"Amezisikiliza zote," alisema. "Alikuwa anabeba redio mpaka zizini. Kanda alimtuma Kiprono akanunue."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua anasikiliza, utaanza kumwimbia yeye, na hao watu wengine utawasahau."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye uzio wa zizi mpaka ng'ombe mmoja akaja kuona kama nimeleta majani. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mvi, na nililia kama mtoto aliyefichwa kitu kizuri.

Watayarishaji tuliwashukuru, tukawarudisha na nusu ya keki. Tulifanya onyesho letu wenyewe, Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa soko la Sigowet. Mzee Momanyi alikuja kutoka Nyamira, mgongo umepinda, na vijiti vyake ndani ya mfuko wa ndizi. Baba alitembea kutoka barabarani mpaka jukwaani kwa fimbo, Mama kushoto kwake, Kiprono nyuma akibeba kiti, kama tu itahitajika. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyepiga makofi wala kuita jina lake. Walinyamaza wote, hata wauza nyanya, wakamwachia njia yake.

Niliuimba wimbo wa ng'ombe kwa gitaa la umeme, kwa sauti yote, na Chebet na Momanyi chini yake kama lori linalopanda mlima. Kila nilipobisha hodi Baba alijibu, na soko likajibu naye. Mlango wa nne nilibisha, akafungua mdomo, na maneno hayakuja. Niliona hofu inamwingia. Momanyi alishusha mdundo mpaka ukawa kama mtu anayegonga meza kwa kidole, na tukangoja. Soko lote lilingoja. Baba alinitazama, akatazama watu, kisha uso wake, ule upande uliokuwa bado unamtii, ukacheka. Akaimba, "Wapendwa, kumekucha, tafuteni viatu vyenu."

Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Sigowet ilicheka mpaka ikalia. Na kweli, walianza kwenda nyumbani.

Sikurudi barabarani mara moja baada ya siku hiyo. Asubuhi moja nilikuta Baba ameketi na gitaa lake kavu mapajani, mkono wa kushoto uko kwenye shingo ya gitaa, vidole vinabonyeza, wazima kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kando kama wa mtu mwingine. Alikuwa anapiga wimbo mzima bila sauti. Nilivuta stuli, nikaketi kulia kwake, nikapitisha mkono wangu mbele ya wake na kucharaza nyuzi. Tulipishana mara nyingi. Ilibidi nisikilize kidole chake kabla hakijafika. Kufikia msimu wa kupanda tulikuwa tunapiga kila asubuhi baada ya kukama, watu wawili gitaa moja, na Mama akatuambia tunamchelewesha chai.

Siku moja vidole vyake vilikwenda mahali nisipopajua. Haukuwa wimbo wake wala wangu. Nilimuuliza kwa macho, akainua mabega. Nilimfuata. Aliurudia siku iliyofuata, na iliyofuata, akiongeza kipande, nami nikichagua wapi pa kucharaza na wapi pa kuacha. Haukuwa na maneno. Yeye hakuwa nayo na mimi sikutaka kumwekea yangu. Ulikuwa umekamilika, au karibu, alipofariki, asubuhi, kitandani kwake, mvua ikiwa imeanza mapema kuliko kawaida.

Niliimba miaka mingine baada yake, nyimbo zangu na zake bila kuchagua, na ilikuwa miaka mizuri. Kisha baridi ya Kericho iliyokula nyuzi zangu ikaanza kula viungo vya vidole. Mara ya kwanza kidole cha pete kilipokataa kubonyeza katikati ya wimbo nilikificha. Mara ya tatu Chebet aliniona, na hakusema kitu mpaka tukiwa tunakunja kebo.

"Nifundishe ule wa asubuhi," alisema. "Ule wako na mzee."

Ilichukua muda, kwa sababu nililazimika kumfundisha mkono mmoja halafu mwingine. Jumamosi iliyopita bendi iliimba Kapkatet, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu, mwavuli mapajani. Chebet aliweka besi chini, akachukua gitaa jekundu, akaupiga wote peke yake, kwa mikono yake miwili. Alikosea mahali pamoja. Sikumwambia.